Mtoto wa siku 4 ana manjano, nimuanike juani mpaka lini?

SWALI: Shikamoo nesi. Mimi ni mzazi wa mara ya kwanza, mwanangu wa kiume leo ana siku 4, alizaliwa wiki ya 37 kwa njia ya kawaida tukaruhusiwa siku ya pili. Jana nimeona macho na uso vimekuwa vya njano, leo njano imeshuka mpaka mapajani. Jirani yangu amelea watoto wengi, ananiambia ni kawaida, nimuanike jua la asubuhi na nimpe maji ya glukosi. Nimefanya hivo jana na leo. Uso naona kama umepungua njano ila analala sana, kunyonya mpaka nimshtue. Niendelee na jua siku ngapi, na dakika ngapi kwa siku?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Usiendelee hata dakika moja. Acha jua, acha glukosi, mpeleke hospitali saa hizi ukimaliza kusoma, hata kama ni usiku, usisubiri kuche. Mtoto wa siku 4 ambaye njano imefika mapajani na kunyonya mpaka ashtuliwe anatakiwa apimwe bilirubini kwenye damu leo, yaani ile rangi ya njano inayotokana na seli nyekundu za damu zikivunjika. Njiani endelea kumpa ziwa kama anaweza kunyonya. Ukifika usikae kimya kwenye foleni, mwambie nesi wa kwanza utakayemuona kwamba mtoto ana manjano NA hanyonyi vizuri, useme vyote viwili pamoja, maana ukisema manjano peke yake unaweza kuambiwa ukae usubiri.

Sasa hili la jua. Naulizwa kila siku, na kinachoniuma ni kwamba wanaouliza ni wazazi makini kabisa kama wewe, ambao wamefanya walichoambiwa. Tena wengine hawajaambiwa na jirani, wameambiwa na sisi wenyewe watu wa afya pale mlangoni siku ya kuruhusiwa, "ukiona njano muanike jua", basi, hakuna anayemwambia mama ni njano ya siku ya ngapi, imefika wapi mwilini, au arudi lini.

Watu wengi hawajui hii habari ya jua ilianzia kwa nesi. Miaka ya 1950 kule Uingereza, hospitali ya Rochford, Essex, Sista Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa nje watoto njiti wapate jua na hewa. Mwaka 1956 akawaonyesha madaktari mtoto mmoja ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka isipokuwa sehemu iliyofunikwa na shuka, hapo njano ilibaki vile vile. Madaktari wakafuatilia, na mwaka 1958 Daktari Cremer na wenzake wakatangaza kwamba mwanga unashusha bilirubini. Lakini angalia walichofanya baada ya hapo, hawakuwaambia wazazi waanike watoto, walitengeneza TAA. Yaani walioliona jua likifanya kazi kwa macho yao ndio wa kwanza kuona kwamba mtoto mgonjwa huwezi kumtegemezea jua.

Sababu ziko wazi. Mwanga unaofanya kazi ni wa bluu, nanomita 460 hadi 490 hivi, unageuza bilirubini iliyo kwenye ngozi kuwa umbo ambalo mwili unaweza kulitoa kwenye nyongo na mkojo bila kusubiri ini liibadilishe kwanza. Chini ya taa mtoto anakaa masaa mengi mfululizo, yuko uchi na pampasi tu, macho yamefunikwa, joto lake linapimwa, na damu inarudiwa kupimwa kuona kama inashuka. Juani unamweka robo saa, tena na nguo na kofia maana unaogopa asipate baridi, kwa hiyo mwanga unafika usoni na miguuni tu. Ukimvua nguo anapoa haraka, ukimwacha muda mrefu anaungua na kukaukiwa maji. Kuna wanaoniletea ule utafiti wa Nigeria uliochapishwa 2015 kwamba jua linatibu, ni kweli upo, ila wale watoto walikuwa hospitali, chini ya mahema yenye karatasi maalum za kuchuja miale inayounguza, wanahudumiwa na kupimwa joto na bilirubini muda wote. Huwezi kulinganisha na beseni kibarazani.

Na sasa ndio nafika kwenye kitu kinachonikera kuliko vyote, umekiandika mwenyewe: "uso kama umepungua njano". Ngozi ikipigwa mwanga inapauka mapema kuliko damu. Uso unapendeza, mama anapumua, huku bilirubini kwenye damu inaendelea kupanda. Hata sisi wodini mtoto akishawekwa kwenye taa haturuhusiwi kumkadiria kwa macho, tunapima damu. Kwa hiyo jua la robo saa halimtibu mtoto ila linaweza kabisa kumdanganya mama, na ile siku moja au mbili za kudanganyika ndizo tulizokuwa tunazihitaji.

Bilirubini ikizidi sana inaingia kwenye ubongo. Dalili za mwanzo ndizo kama hizo za mwanao, analala mno, analegea, hanyonyi vizuri. Baadae anakakamaa na kupinda mgongo kwa nyuma, analia kilio chembamba kikali, anapata homa, degedege. Akifika hapo anaweza kupona manjano yenyewe na akabaki na kutosikia, au mtindio wa ubongo ambao viungo vinajikunja vyenyewe maisha yake yote. Hilo halirudi nyuma. Na lingezuilika kwa taa, au ikibidi kwa kubadilishiwa damu.

Maji ya glukosi ndio yanaharibu zaidi. Bilirubini inatoka kwa choo, na mtoto anapata choo akishiba maziwa. Kitumbo chake ni kidogo, ukikijaza maji ananyonya kidogo, choo kinakuwa kichache, na bilirubini iliyokuwa tayari utumboni inafyonzwa tena kurudi kwenye damu. Anayehitaji sukari ya mshipani hupewa wodini baada ya kupimwa. Wewe kazi yako ni ziwa, mara 8 hadi 12 kwa masaa 24, umwamshe usiku na mchana, na akishindwa kuvuta kamua umpe kwa kikombe.

Jirani yako hajakosea kila kitu, watoto zaidi ya nusu wanapata njano kidogo wiki ya kwanza na wengi inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ndio maana kila aliyeanika jua ana ushuhuda! Mtoto angepona hata angelala chumbani, sifa zinakwenda kwa jua. Ila njano ikionekana ndani ya masaa 24 ya kwanza haijawahi kuwa ya kawaida, hapo mara nyingi damu ya mama na ya mtoto hazipatani, kwa mfano mama ni Rhesus hasi au ni kundi O. Njano ikifika viganjani na kwenye nyayo ni dharura kwa umri wowote. Aliyezaliwa kabla ya wiki ya 38, kama wako, ini lake linachelewa zaidi. Mwenye uvimbe wa damu kichwani kutokana na kuzaliwa, au ambaye ndugu yake alishawekwa kwenye taa, naye aangaliwe mapema. Na kwa ngozi nyeusi usitegemee rangi ya ngozi, mpeleke dirishani mchana, fungua jicho uangalie weupe wake, angalia fizi, bonyeza pua au paji la uso uone rangi inayobaki ukiachia kidole.

Halafu kuna hawa wanaouza matone ya "kusafisha nyongo" na majani ya kumuogeshea mtoto. Sina lugha ya upole kwa hawa. Anakuuzia kitu ambacho hajui kina nini, hajui bilirubini ya mtoto ni ngapi, na mtoto akikakamaa usiku simu yake haipokelewi. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, seli zake za damu zinapasuka kwa vitu vidogo tu, hata vile vidonge vyeupe vya harufu kali vinavyowekwa kwenye nguo kufukuza nondo, sasa wewe unamnywesha dawa isiyo na jina? Nguo zilizokaa na hivyo vidonge msimvalishe mtoto mchanga.

Na wale ambao watoto wao wamepita siku 14 bado macho ni ya njano, mnaoambiwa "ni maziwa ya mama tu, itaisha". Inaweza kuwa kweli. Lakini fungua pampasi. Choo kikiwa cheupe au rangi ya udongo mkavu na mkojo unatia doa la njano nzito, hiyo ni manjano ya aina nyingine, mirija ya nyongo inaweza kuwa imeziba, hapo hata taa haisaidii. Inahitaji upasuaji alioanzisha Daktari Morio Kasai wa Japani, na unafanikiwa zaidi ukifanyika kabla mtoto hajafikisha siku 60. Wanaletwa na miezi mitatu, wameshaanikwa jua tangu wiki ya kwanza.

Wewe mdogo wangu nenda sasa, na wakipima waulize namba ya bilirubini uiandike pamoja na saa iliyopimwa, maana kipimo cha pili kinasomwa kwa kulinganisha na hicho.