Jibu: Bili ya jino kuzidi bei niliyoambiwa

Salaam aleikum, dada. Umeeleza kwamba uliambiwa bei moja ya kutibu mzizi wa jino hapa Malindi, kisha bili ikatoka karibu maradufu. Nami yalinikuta hayo hayo: bei ya kwanza ilikuwa ya mzizi peke yake, bila eksirei wala kifuniko cha jino, na hakuna aliyenifahamisha, jambo ambalo kwa mgonjwa mwenye maumivu si haki hata kidogo. Kabla ya kulipa salio, omba bili yenye mchanganuo, kila huduma na bei yake, uilinganishe na ulichofanyiwa. Wakisita, wakumbushe kwa upole kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata habari. Mimi nilipopewa yangu, niliona sindano ya ganzi imehesabiwa mara mbili, na nikarejeshewa pesa.