Programu Niliandika Mimi, Jina Kaweka Lake

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Morogoro, na jioni huwa naandika programu kwa mapenzi tu. Mwaka juzi nilitengeneza programu ya kutunza hesabu za kikoba cha mama yangu: hisa, mikopo, faini za kuchelewa. Rafiki yangu akaiomba, nikampa folda nzima kwenye flashi. Sasa anaiuzia vikundi vingine kwa shilingi 60,000, na ukiifungua unakuta jina lake badala ya langu. Sikuwahi kuisajili popote. Je, haki yangu imekwenda? Na nikisema ni yangu, nani ataniamini?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Haki yako ipo. Ilianza siku ulipoandika programu ile na kuihifadhi, hata kama hakuna mtu mwingine aliyejua. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, uliporekebishwa Berlin mwaka 1908 uliondoa sharti la usajili, na Tanzania imo kwenye mkataba huo tangu 1994. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inazihesabu programu za kompyuta kati ya kazi zinazolindwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania Bara, ni hiari. Kunakuongezea ushahidi (Zanzibar wana ofisi yao, COSOZA). Na kumpa mtu flashi si kumpa ruhusa ya kuuza, sembuse kufuta jina lako.

Ila jambo moja lijue mapema. Sheria inalinda ulivyoandika, hailindi wazo. Rafiki yako angekaa chini akaandika ya kwake ya kuhesabu hisa na faini, usingekuwa na la kumdai. Kwa hiyo mzigo wako ni kuonyesha kwamba alichukua msimbo wako, yaani maandishi yenyewe ya programu.

Yamenikuta, ndiyo maana nasema kwa uchungu. Mwaka 2004 niliandika programu ya stoo kwa duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya miezi kadhaa nikaikuta kwenye duka jingine, na jina la kijana aliyekuwa akinisaidia kuingiza data. Akaapa kaiandika mwenyewe. Nikaomba tufungue msimbo wote wawili mbele ya mwenye duka. Kwangu kulikuwa na kosa la Kiswahili: badala ya "lililobaki" niliandika salio_lilobaki, nikalirudia mara 11. Kwake limo mara 11, sehemu zilezile. Kisha nikamwuliza kwa nini kuna mstari unaopunguza 1 kwenye idadi ya katoni za misumari. Mimi nilijua: katika duka la kwanza katoni moja ilikuwa wazi siku zote kwa ajili ya rejareja, na mwenye duka hilo hakutaka ihesabiwe. Kijana hakuwa na jibu.

Kwa hiyo, mwanangu, usisafishe kitu sasa hivi. Makosa yako yaache yalivyo. Tafuta matoleo ya zamani, hata yale yaliyogoma kufanya kazi. Programu iliyokamilika anaweza kuwa nayo yeyote. Mabovu ya njiani anayo aliyeyahangaikia.

Usitegemee tarehe ya faili peke yake, maana saa ya kompyuta hurudishwa nyuma na yeyote. Hata tarehe za Git, ile programu ya kutunza historia ya msimbo, hubadilishwa. Ila kama ulikuwa ukipandisha kazi yako kwenye seva ya watu wengine, kumbukumbu za seva hiyo huna uwezo wa kuzichezea, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Mama yako je? Nina hakika alikutumia ujumbe wa WhatsApp: "faini ya fulani haijaingia", "mkopo umejirudia mara mbili". Huo ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini uzito wake hupimwa kwa namna ulivyotunzwa. Skrinishoti pekee haitoshi. Tunza simu yenyewe.

Leo fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Windows itakupa herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole ya faili, ambazo hubadilika ukigusa hata nukta moja ya faili. Zichape, uzipeleke kwa kamishna wa viapo pamoja na kiapo chako. Zitathibitisha faili ilivyo leo, si mwaka juzi. La mwaka juzi libebwe na ujumbe na matoleo ya zamani.

Soma pia mkataba wako wa ualimu, kwa sababu kazi iliyofanywa chini ya ajira kwa kawaida huwa ya mwajiri. Programu ya kikoba, usiku, kwenye kompyuta yako, sioni inaingiaje humo, lakini ujiridhishe.

Vyote hivyo vikusanye kabla hujamgusia rafiki yako neno. Ukishavipata, mwandikie barua. Asiposikia, nenda COSOTA. Na mama asifute ujumbe, wala simu ile isiuzwe, mpaka jambo hili liishe.