Maswali ya tabia: ya kwenye simu au ya karatasi?

SWALI: Mshauri, shikamoo. Nimeomba kazi sehemu mbili, moja wamenitumia linki nijaze maswali ya tabia kwa simu, kwingine tuliitwa tukajaza karatasi huku mtu katusimamia. Maswali karibu yaleyale, "huwa namaliza nilichoanza", unachagua 1 mpaka 5. Kaka yangu anasema ile ya simu anijazie yeye maana anajua wanachotaka. Ipi inaaminika zaidi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kaka yako mwambie akae pembeni, maana ripoti ya majibu yako wanaweza kuwa nayo mezani siku ya usaili, wakikuuliza "umejaza kwamba unapenda kuongoza, tupe mfano" utamtafuta wapi?

Tukija kwenye swali lako, hili watafiti wamelilinganisha sana, na kama maswali ni yaleyale alama huwa zinakaribiana, kwa sababu hapa hamna jibu sahihi wala haraka, sio kama mtihani wa hesabu wenye dakika za kuhesabu. Kinachoharibu majibu ni hamu ya kazi. Mtu anajipa 5 kila mahali, iwe simu iwe karatasi.

Ila kuna vitu vinatofautiana bwana. Kwenye karatasi ukifika swali la 31 ukaona linauliza kinyume cha lile la 4, unarudi unafuta, nani atajua. Kwenye mtandao mara nyingi swali linakuja moja moja, kurudi hamna, na mfumo unaweza kurekodi sekunde ulizotumia, sasa wewe bonyeza 5 maswali 60 mfululizo bila kusoma uone. Karatasi sifa yake angalau wameangalia kitambulisho chako.

Na hata ukijaza vizuri usiipe uzito kupita kiasi. Mwaka 1991 watafiti Barrick na Mount walikusanya tafiti 117 za tabia na kazi, wakakuta tabia ya bidii na umakini ndo inayoendana na utendaji kwenye kazi za kila aina, lakini uhusiano wenyewe sio mkubwa kivile. Mwajiri anayekukata kwa alama hizo peke yake mi naona anabahatisha.

Ukianza, igeuze simu ilale kwa upana, maana kuna skrini zinaficha ile 5 kulia na watu wanaishia 3 bila kujua. Mtandao ukikata katikati piga skrinshoti uwaandikie palepale, usifungue upya kwa imeili nyingine.