Wadogo zangu wa zamu ya kantri, orodha ya Nashville si pleilisti

Jumapili iliyopita nilifika mapema, nikamkuta mmoja wenu hewani na saa mbili za "magwiji wa kantri". Nikavuta kiti. Wanaume watupu: Waylon, Merle, Hank, George Jones mara mbili. Dolly Parton, mwanamke pekee, akaingia kwenye wimbo wa kumi na moja, akatoka, basi. Nilipomuuliza kijana alivyopanga, akanionyesha simu: amechukua majina ya Jumba la Magwiji kule Nashville, Marekani, lile linaloenzi wanamuziki bora wa kantri, akayamwaga kwenye pleilisti. Nikacheka, halafu cheko likanikauka, maana njia hiyo niliipita mimi kabla hamjajua kushika maiki. Sikilizeni basi.

1. Orodha isomeni pamoja na miaka yake. Jumba lilianza kuingiza watu 1961. Mwanamke wa kwanza kuingia kwa jina lake peke yake ni Patsy Cline, 1973, miaka kumi baada ya ajali ya ndege kumuua. Kitty Wells alifika namba moja kwenye chati mwaka 1952, mabosi wakiwa bado wanasema wanawake hawauzi. Jumbani aliingia 1976. Wanaume nao husubiri, sikatai, Conway Twitty aliingia akiwa kaburini. Lakini wanaochagua ni jopo ambalo majina yake hayatangazwi, na kila mwaka wanapita watu watatu hivi. Mwenye nyimbo nyingi redioni ndiye anayekumbukwa, na redio ni sisi.

2. Hakikisha kabla ya kufungua maiki. Hili nitalieleza kwa kirefu, mnivumilie.

Mei 2003. June Carter Cash amefariki Alhamisi ya tarehe 15, mimi nina zamu ya Jumapili, miezi minne tu kazini. Maktaba sikuenda. Ya nini? Binti wa Maybelle wa kundi la Carter Family, mke wa mwimbaji Johnny Cash, mtunzi wa "Ring of Fire" pamoja na Merle Kilgore, lazima yumo. Nikasema kwa ile sauti ya msiba tunayoijua sote: "Tumempoteza mwanachama wa Jumba la Magwiji."

Taa ya simu ikawaka. Mama mmoja, sauti ya mwalimu mstaafu. "Kijana, June hayumo. Mamake yumo tangu 1970 na Carter Family. Mumewe yumo tangu 1980. Yeye hayumo."

Ningesema asante mama, yangeisha. Mimi nikamweka hewani nikabishana naye! Nikamwambia, Mungu anisamehe, "Mama, huenda unamchanganya na mwingine." Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunitajia wanawake waliomo, mwaka kwa mwaka, kama anaita rejista darasani. Chai imepoa mkononi. Nyuma ya kioo fundi mitambo amejifunika uso kwa gazeti. Mama alipofika 1999, kwa Dolly, nikamkata kwa wimbo. Wa nani? Wa Johnny Cash.

Hilo nililiungama kwa meneja siku ileile. Lililofuata sijawahi kumwambia mtu. Kwa kuwa June hakuwamo, nilimtoa kwenye kipindi cha magwiji kwa mwaka mzima. Wimbo aliouandika yeye niliendelea kuupiga kila wiki, nikimtaja mumewe tu.

3. Wanaoimba duwe, yaani wimbo wa sauti mbili, watajeni wote wawili. Kenny Rogers tunamlilia mpaka kwenye matatu, na aliingia Jumbani 2013. Dottie West, aliyeimba naye, ndiye mwanamke wa kwanza wa kantri kutwaa Grammy. Alifariki 1991 baada ya ajali akielekea kuimba Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri la Nashville. Aliingia 2018. Fanyeni hesabu wenyewe.

4. Punguzeni jingo, vile vibwagizo vya kutangaza kituo.

5. Nani aliwafundisha kwamba wanawake wawili hawafuatani? Hiyo ni desturi ya redio za Marekani. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio huko alisema wanaume ndio majani ya saladi na wanawake ni nyanya za kuwekea kidogo juu yake. Alisutwa sana, lakini pleilisti zenu bado zina mapishi yake. Patsy akifuatwa na Loretta Lynn, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kutwaa tuzo ya Mtumbuizaji wa Mwaka ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, 1972, nani atazima redio? Huku kwetu Kenya, nusu ya salamu za Jumapili zinaomba nyimbo za mwanamama Skeeter Davis.

6. Mwenye kupiga simu mara nyingi anajua kukuzidi. Yule mama tulipatana. Mwaka 2025 June alipotangazwa hatimaye, miaka 22 baada ya kifo, nilimpigia mwenyewe nikidhani nampelekea habari. Alishazisikia. Akaniacha nimalize furaha yangu yote, kisha akauliza, "Na Skeeter je?" Akakata simu.