Wasiopata nafuu wapigiwe kura ya pili

Dada, umeuliza kama utafiti wako wa watoto wenye wasiwasi uliozidi, hapa Bukavu, uwagawe kwa kura (yaani kwa bahati nasibu) mara moja tu: mazungumzo au dawa. Mimi ningewagawa mara mbili. Utafiti wa Marekani wa 2008, wa watoto 488, ulikuta nafuu kwa karibu 60% ya waliopata tiba ya mazungumzo, 55% ya waliopewa dawa ya sertralini, na 81% ya waliopata vyote viwili. Basi wanne kati ya kumi au zaidi kidogo ya wanaoanza na njia moja wanabaki na shida, na hao ndio swali lako! Amua mapema nafuu ni nini. Wiki ya 12, wasioifikia wapigiwe kura tena: kuongezewa tiba ya pili au kubadilishiwa. Anayewapima asijue nani alipata nini. Na tafadhali, weka pesa ya transporti ya mama wa mtaa wa Kadutu kwenye bajeti tangu mwanzo.