Shangazi, nimekutwa na homa ya ini B. Nimwache mchumba wangu?

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29. Nilikwenda kuchangia damu, nikarudi na karatasi inayosema nina homa ya ini B. Siumwi popote. Nimejitengea sahani na kikombe, na rafiki yangu ameniletea mizizi ya kusafisha ini, nakunywa kutwa mara mbili. Harusi yetu ni baada ya miezi minne na mchumba wangu hajui kitu. Naona afadhali nivunje uchumba kimyakimya kuliko nimuue."

Marahaba, mwanangu.

Sahani hiyo irudishe kabatini leo, ikae na za wenzako. Virusi hivi havisambai kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kupeana mkono. Hupita kwenye damu, kwenye kujamiiana bila kinga, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Vya kutenga ni wembe, mkasi wa kucha na mswaki. Tone la damu lililokaukia kwenye wembe, hata usilione kwa macho, linaweza kubeba virusi hai kwa siku 7.

Kilichonitia hofu zaidi kwenye barua yako ni hayo maneno "siumwi popote". Ini ni kiungo kivumilivu mno. Nyama yake ya ndani haina hisia ya maumivu. Virusi hujificha ndani ya seli zake, na askari wa mwili wako wanapovishambulia, huziua na seli zenyewe. Ini hujitengeneza upya, huumia tena, na kila jeraha huacha kovu. Mambo huenda hivyo hata miaka 20 au 30, mtu anakula na kulala vizuri. Makovu yakizidi, ini hukakamaa, tumbo hujaa maji, macho huwa ya manjano. Saratani ya ini nayo inaweza kuja hata kabla ini halijakakamaa. Kwa hiyo usisubiri kuumwa ndipo urudi hospitali. Wakupime wingi wa virusi, hali ya ini kwa damu na kwa ultrasaundi, na virusi vya ukimwi pia. Baada ya miezi 6 kipimo cha kwanza kirudiwe, maana mtu mzima aliyeambukizwa karibuni mara nyingi mwili wake huvifukuza wenyewe. Visipoondoka, si kila mtu huanzishiwa dawa mara moja. Ukianzishiwa, kama tenofovir, usiache bila daktari kusema: virusi vilivyotulizwa huweza kuamka kwa kishindo.

Mizizi iache, mwanangu, nakusihi. Kila unachokunywa hupitia kwenye ini hilohilo unalotaka kuliokoa. Pombe nayo iache.

Na usianze kutafuta nani kakuambukiza. Watoto wanaoambukizwa wakiwa wachanga, 90 katika kila 100 hubaki navyo, kwa hiyo huenda umeishi navyo tangu kuzaliwa. Mama na ndugu zako wapime pia.

Mchumba wako yeye hahitaji kuachwa ili apone na hatari hii. Anahitaji kupimwa, na akiwa hana virusi wala kinga, apate chanjo. Ni dozi 3 ndani ya miezi 6 hivi, ipo tangu miaka ya 1980, na inakinga kwelikweli. Miezi minne haitoshi kuimaliza, basi tumieni kondomu hadi amalize na kipimo kionyeshe kinga imejengeka. Mkijaliwa mtoto, naye achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

Mwambie wiki hii, mkiwa wawili tu, mchana, bila haraka: "Nilipochangia damu nilikutwa na homa ya ini B. Kuna chanjo ya kukukinga. Naomba twende wote ukapime." Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie; akiomba siku mbili za kufikiri, mpe. Na ile karatasi mkabidhi, aisome mwenyewe.