Jibu: Picha haionekani, na kompaila haisemi kitu

Ndugu, unauliza kwa nini Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, inakubali 'assets/images/logoo.png' (badala ya logo.png) bila kulalamika, halafu picha inakosekana programu ikishawaka. Kwa Dart, lugha ya Flutter, huo ni mfuatano wa herufi tu. Kompaila yake (kinachogeuza msimbo kuwa programu) haijui kama faili lipo. Weka flutter_gen_runner na build_runner, vifurushi vya kuzalisha msimbo, kwenye sehemu ya dev_dependencies ya pubspec.yaml (faili la mipangilio ya mradi), kisha endesha `dart run build_runner build`. Itasoma assets (picha na mafaili mengine ya programu) ulizoorodhesha humo na kukuandikia darasa la Assets, nawe utaita Assets.images.logo.image(). Ukikosea herufi moja, kompaila inakukatalia papo hapo.

Ila ukibadili jina la faili usipoendesha amri hiyo tena, msimbo wa zamani bado utapita, na hapo ndipo wengi tunaumbuka, mimi nikiwemo. Wenzetu wa iOS wamepumzika: tangu toleo la 15, Xcode, zana yao ya kuandikia programu, inazalisha majina ya picha yenyewe.